Mbuzi wa Bibi na Mkwe Asiyetazamwa

Bibi yangu mzaa mama, Altnabah, na baba yangu, Chischili, wameishi jirani karibu miaka kumi na minane bila kuonana uso kwa uso hata mara moja. Kutoka mlango wa bibi hadi wetu wa zamani zilikuwa hatua mia mbili hivi, ila baba alijenga nyuma ya jabali jekundu ili akitoka asubuhi macho yake yasiangukie uani kwa mkwewe. Kwetu ndivyo ilivyo. Mwanamume hamtazami mama wa mkewe wala hasemi naye. Wakitazamana macho yanaingia ukungu, na wengine akili huwaruka. Hakuna chuki ndani yake, ni heshima tu.

Ndiyo maana bibi alivaa kengele. Baba ni mfua fedha, na mwaka aliooa alifua kengele nne ndogo, kila moja kama punje ya mahindi, akampa mama ampelekee. Bibi alizishona kwenye ncha za mshipi wake. Akitembea zinalia, na baba akizisikia anajua aende upande gani. Yeye naye akifika juu ya kilima na farasi wake wa kijivu anakohoa mara tatu, bibi anajifunika blanketi kichwani na kugeukia ukuta mpaka farasi apite. Nilipokuwa mdogo nilidhani baba za watu wote wana kikohozi.

Bibi alikuwa na njia yake ya kupata anachotaka. Mama akiwa hayupo, alisimama zizini akasema na mbuzi kwa sauti ya kusikika hadi nyuma ya jabali.

"We mwenye ndevu! Hivi mwenye farasi wa kijivu anajua kuni zimekwisha, au anangoja nichome mlango?"

Baba huko alikuwa anaziba mdomo asicheke. Jioni kuni zinakuwa mlangoni.

Siku nyingine: "Mbuzi wangu, mkimwona huyo mfua fedha mwambieni ndoo yangu inavuja. Au mikono yake ni ya vipuli tu?"

Ndoo ilizibwa. Lakini baba hakuwahi kujibu. Mkubwa anaweza kusema na mbuzi akasikiwa na mkwe, mdogo haruhusiwi hata hilo. Majibu yake yalipitia kwa mama, na nilipokua kidogo yakapitia kwangu. Nilipelekwa shule ya bweni miaka miwili, nikarudi naumwa macho, bibi akakataa nisirudishwe. Kwa hiyo nilikuwa nyumbani, na mtu asiyesema sana ndiye anayefaa kutumwa maneno ya wengine.

Nataka kueleza habari za mbuzi wa bibi, na siwezi kuanzia pale walipoondoka. Lazima nianze walipokuja.

Bibi alizaliwa Hweldi. Watu wetu wakilitaja jina hilo hushusha sauti. Ni kule mashariki, kwenye ngome ambako askari waliwapeleka Dine, ndio sisi, kwa miguu wakawaweka miaka minne. Maji ya kule yalikuwa ya chumvi, na mahindi yaliliwa na wadudu kabla ya kukomaa. Walipoachiwa warudi nchini kwao, bibi alirudi mgongoni kwa mama yake akiwa mtoto wa kunyonya.

Mwaka uliofuata Washindoni, ndivyo wazee wanavyoiita serikali, iliwaita watu wote wakapewe mifugo ya kuanzia maisha. Kila kichwa wawili. Watu walisimama kwenye mstari siku nzima. Mama yake bibi alipofika mbele, mhesabu akamwangalia mtoto mgongoni, akamhesabu naye. Kwa hiyo bibi alipata wake: kondoo mmoja na mbuzi mmoja.

"Nilikuwa na mifugo kabla sijawa na meno," alikuwa anatuambia, na kila mara anatucheka sisi tuliozaliwa mikono mitupu.

Kondoo alikufa kipupwe kilekile. Mbuzi alikuwa wa kahawia, sikio moja jeupe. Njaa ilikuwa kali, watu walichimba mizizi, na bado mama yake bibi hakumchinja. Alilala amemfunga kamba kwenye kifundo cha mguu wake mwenyewe ili mtu asije akamchukua. Mbuzi wote niliowajua mimi walitoka kwa huyo mmoja na madume ya majirani. Katika kila kizazi hutokea mmoja au wawili wenye sikio jeupe, na bibi aliwaita wakubwa wa nyumba.

Reli ilipita kusini, duka la mzungu likafunguliwa kwenye njia panda, vita vya wazungu vikapandisha bei ya sufu, na majirani wakauza mbuzi wakanunua kondoo. Bibi alibaki na mbuzi wake.

"Sufu siwezi kumnywesha mtoto," alisema.

Halafu ukaja mwaka wa homa kubwa. Baba alikuwa amemwoa mama miezi michache tu, na mimi nilikuwa bado tumboni. Nyumba ya bibi nzima ililala: bibi, mumewe, wanawe wawili wa kiume, na mama ambaye alikwenda kuwauguza akaanguka nao. Aliyebaki amesimama ni baba peke yake, mkwe, asiyeweza kuingia ndani humo kwa sababu mama mkwe yumo.

Alikamua mbuzi asubuhi na jioni. Alichemsha maziwa, akaweka chungu mlangoni, akagonga ukuta mara tatu kwa fimbo, akakimbia kujificha. Bibi alitambaa akachukua chungu, akawanywesha wale walioweza kumeza. Siku kumi na moja. Babu yangu na wajomba zangu hawakuamka, na majina yao siyataji. Bibi na mama waliamka. Nyumba ile ilitobolewa upande wa kaskazini na kuachwa, kama inavyofanywa watu wakifia ndani, wakahamia hapa tulipo.

"Maziwa ya mbuzi ndiyo yaliyotutoa," bibi alisema maisha yake yote. Hakuwahi kuongeza ni nani aliyekamua. Ila nilipocheka kwa mara ya kwanza nikiwa mchanga, na watu, kama ilivyo desturi yetu, wakaitwa waje kula na kupokea chumvi kutoka mkononi mwangu, bibi alisimama na kusema kwa sauti kubwa zaidi ya inavyohitajika ndani ya nyumba: "Mbuzi wa kahawia mwenye sikio jeupe ni wa mtoto huyu, na wote atakaowazaa." Nje, nyuma ya ukuta, baba alikuwa anachoma nyama. Alisikia.

Hivyo ndivyo bibi alivyogawa. Huyu wa binti yangu, huyu wa mjukuu. Alama ya sikio haikubadilishwa, wote walikatwa ncha ileile ya bibi, wakalala zizi moja. Nani angeuliza? Sisi wenyewe tulijua.

Sasa ilipofika 1934, kwa hesabu ya shule, Washindoni ilisema mifugo imezidi. Ardhi inakwisha, majani hayapati nafasi ya kuota, udongo unachukuliwa na mvua kwenda kujaza bwawa kubwa walilokuwa wanalijenga mbali huko. Walianza na kondoo. Baadaye wakasema wabaya zaidi ni mbuzi, kwa sababu anang'oa mpaka mizizi.

Baba wakati huo alikuwa ameshapata kazi ya kujenga matuta ya kuzuia maji, kazi ya serikali. Alilala kambini, akarudi nyumbani mara moja kwa wiki amevaa koti la kazi lenye vifungo vya chuma. Bibi hakulipenda lile koti hata kwa harufu.

"We mbuzi," alisema siku moja karibu na jabali, "kuna mtu hapa siku hizi ananukia mafuta ya gari. Mwambie akisimama karibu na maziwa yanakatika."

Nilimwona baba akilinusa koti lake. Wiki iliyofuata alilivua kilimani akalibeba limekunjwa.

Ilikuwa vuli, mavuno ya mahindi yamekwisha. Mama na mimi tulikwenda kwa mama mdogo, mwendo wa nusu siku kwa farasi, kwa sababu mtoto wake alikuwa anaimbiwa apone. Bibi alibaki na mbuzi. Wanawake pale walimpokea mama kwa maneno yao.

"Shemeji yetu bado anamchimbia Washindoni mashimo?"

"Ni matuta," mama akasema. "Ya kuzuia maji."

"Maji yapi, dada? Tangu azuie tumeona tone?"

"Mwacheni. Labda anazuia machozi ya mbuzi."

Mama alicheka nao. Hatukujua kwamba wakati tunacheka baba alikuwa njiani.

Kambini, mchana ule, msimamizi wake alimwambia kuwa watu wa kupunguza mbuzi watafika bondeni kwetu kesho asubuhi. Akamweleza utaratibu wao: mwenye mbuzi wasiozidi mia hataguswa. Anayezidi, waliozidi wanaondoka. Na kila mwenye mali asimame na kundi lake aseme ni lake.

Baba aliuelewa mara moja. Mbuzi zizini walikuwa mia na tisini na kidogo. Wakiwa wa mtu mmoja, nusu wamekwisha. Wakigawanywa kama walivyo kweli, wa bibi, wa mama na wangu, hakuna kundi linalofika mia, na hakuna hata mmoja anayeondoka. Hakuomba ruhusa. Alipanda farasi, akafika kilimani jua likiwa bado juu ya miti, akakohoa mara tatu.

Bibi alikuwa uani anakaanga mkate. Alimsikia, akasogeza sufuria pembeni mwa moto, akajifunika blanketi, akaingia ndani na kugeukia ukuta, kama siku zote.

Baba alikwenda nyumbani kwetu akakuta mlango umefungwa. Akaita. Hakuna mama, hakuna mimi. Jirani wa karibu yuko ng'ambo ya korongo. Alisimama nyuma ya jabali, anajua jambo moja ambalo bibi anatakiwa alijue kabla ya asubuhi, na katikati yao hakuna kinywa.

Aliniambia baadaye kwamba alifungua mdomo mara mbili. Mara ya pili alifika hata kutamka "Mbuzi..." akiwa anamtazama farasi wake, halafu akaona aibu, akafunga.

Akaamua kufanya kwa mikono asichoweza kusema. Aliingia zizini akawagawa. Zizi letu ni mazizi matatu yaliyoungana: kubwa, la wanaonyonyesha, na lile la zamani la farasi. Aliwaweka wa bibi kwenye kubwa, wa mama kwenye la wanaonyonyesha, wangu kwenye la farasi. Hawakuwa na alama ya kuwatofautisha. Aliwajua kwa miaka yote ile ya kusikiliza nyuma ya ukuta, bibi akisema huyu mama yake ni yule, huyu nampa fulani. Alirudisha miti ya milango, akaifunga. Alifikiri mkwewe akitoka ataona mara moja kila kundi ni la nani, na asubuhi atajua la kusema. Kisha akageuza farasi kuja kutuchukua mimi na mama, ili kila mwenye mali asimame na mali yake.

Bibi ndani alisikia yote na hakuona kitu. Alisikia miti ikivutwa, mbuzi wakilia, kwato zikihama upande huu na upande ule. Hakugeuka, maana kugeuka ni kumtazama mkwe. Farasi alipoondoka mbio, si kuelekea nyumbani bali kutoka nje ya bonde, alivua blanketi akatoka na kengele zake.

Akakuta mbuzi wake wamechaguliwa.

Tangu kiangazi watu walikuwa wanasimuliana namna inavyofanywa: kwanza anakuja mtu anayefahamu zizi, anatenga wa kuchukuliwa, halafu ndio wanakuja wenye bunduki. Na mtu wa serikali aliyefahamu zizi la bibi alikuwa mmoja tu.

Hakusema na mbuzi siku hiyo. Angeweza. Angesimama pale akauliza kwa sauti, "We mwenye ndevu, wanakupeleka wapi?" na labda upepo ungempelekea baba kilimani. Alikwenda moja kwa moja kwenye miti ya milango, mwanamke wa miaka sitini na saba, akaivuta yote chini. Mbuzi wakarudi kuwa kundi moja. Katika kuwasukuma wale wa zizi la farasi alimwona wa kahawia mwenye sikio jeupe akitoka wa mwisho, akichechemea kwa uzee, na alisimama kidogo. Hilo alinieleza mwenyewe. Alisimama kidogo, kitu kikataka kumjia kichwani, mbuzi mwingine akamkanyaga mguu, kikapotea.

Asubuhi walikuja watatu na mkalimani. Mkalimani alikuwa kijana wa Dine kutoka upande wa mesa, kile kilima cha juu bapa, nywele zimekatwa, heshima anayo.

"Mama, habari za asubuhi. Hawa mbuzi ni wa nani?"

"Wangu."

"Wote?"

"Wote."

Wakahesabu kwa kuwapitisha mlangoni mmoja mmoja. Mkalimani alirudi akasimama karibu naye, akashusha sauti.

"Mama, fikiri vizuri. Humu hakuna wa binti yako? Wa wajukuu?"

Hapo ndipo bibi alipokasirika. Aliona kwamba huyu kijana anajua ana binti, anajua ana mjukuu, na nani kamwambia? Aliona mtego: akisema baadhi ni wa binti, basi mume wa binti atakuwa ameshawatoa. Akisema wote ni wake, hakuna anayeweza kuvitoa vitu vya Altnabah isipokuwa Altnabah.

"Nani kakutuma uniulize mambo ya binti yangu? Nimeshasema. Wote ni wangu. Mmoja mmoja, mpaka mwenye kuchechemea. Nilipewa na hao hao Washindoni nikiwa sina meno. Kamwambie mkubwa wako."

Kijana alimwambia mkubwa wake, mkubwa akaandika.

Sisi tulifika jua likiwa utosini. Tuliwasikia kabla hatujafika juu ya kilima. Si mlio wa mbuzi, ule ulikuwa umeshakwisha. Ilikuwa milio mifupi mikavu kutoka korongoni, inapungua, kama mtu anayemaliza kazi ya kupigilia misumari. Mama alimpiga farasi kiboko. Baba alisimama kilimani palepale, na kwa mara ya kwanza alisahau kukohoa.

Mbuzi tisini na kitu. Stesheni ya reli ilikuwa mbali mno kuwaswaga, kwa hiyo waliwamaliza korongoni nyuma ya nyumba. Walichukua waliotangulia kupita mlangoni, na mbuzi wa kahawia, ambaye siku zote alizoea kulala karibu na mlango, alikuwa katika watano wa kwanza. Tulichoweza kukata tulikata, tukaanika nyama juu ya miti, juu ya kamba, juu ya paa. Ilikuwa nyingi kuliko mikono yetu, na nzi walituwahi. Baba alifanya kazi mwisho wa korongo, mgongo kwetu, mpaka kisu kikamkata kidole na hakusimama.

Mama alikwenda kwa bibi akamweleza yote, mia ni nini, makundi matatu yalikuwa ya nini. Nilikuwa mlangoni.

"Amekutuma uniambie hivyo," bibi alisema.

"Mama, hakunituma. Ndivyo ilivyokuwa. Alikuja kutuchukua tusimame na mbuzi wetu."

"Alikuja na koti lake."

"Alilikunja!"

Bibi akachukua mkasi wa kukatia sufu, akakata kengele nne kutoka kwenye mshipi wake, akanipa mkononi.

"Mpelekee mwenyewe. Mwambie sitaki anisikie tena."

Nilipeleka. Baba alizipokea, akazitia mfukoni.

Watu wanaoishi kwa kengele na kikohozi hawawezi kuishi bila hivyo. Bibi alitembea kimya kote, na baba hakujua tena yuko wapi. Mara mbili nusura wakutane kisimani. Ilibidi baba abomoe nyumba yetu, akajenga upya ng'ambo ya kilima, mwendo wa kutosha mtu kuchoka. Mama akawa mtu wa njiani, chungu kimoja huku na kimoja kule. Kwenye mikutano watu wa bonde walitutania kwa jina la ukoo wetu, "Ukoo wa Mbuzi Wengi siku hizi mmebaki na jina tu," na mama, ambaye zamani alikuwa na jibu la kila mtu, alitazama chini.

Kipupwe baba aliyeyusha zile kengele. Mama alimkuta na kijiko cha kuyeyushia juu ya makaa.

"Unafanya nini, mume wangu? Si zake hizo?"

"Kila zikigongana mfukoni nageuka nyuma," alisema. "Nimechoka kumkimbia mtu ambaye hayupo."

Alifua vifungo vinne, mama akavishona kwenye blauzi yake. Ni vizuri. Havilii. Theluji ilipoyeyuka alikwenda kufanya kazi kwenye bwawa la mbali, kwa sababu mbuzi waliobaki hawakutosha kutulisha, na tangu hapo anarudi mwezi hadi mwezi.

Mwaka huu mbuzi walizaa wakati wa upepo. Mimi ndiye ninayelala kwa bibi siku hizi, kwa kuwa macho yake yameanza kweli kuingia ukungu. Majirani wanasema labda alimchungulia mkwewe. Yeye anacheka, anasema, "Laiti." Anakaa mlangoni mwa zizi, namletea kila anayezaliwa, anampapasa kichwa, shingo, masikio. Ananiuliza rangi.

"Mweusi, bibi."

"Sikio?"

"Jeusi."

Wa kumi na mbili, wa ishirini. Hakuna sikio jeupe. Siku mbuzi wa mwisho alipozaa, alimshika yule mtoto muda mrefu, ute ukamkauka vidoleni.

"Wako yule," alisema. "Wa kahawia."

"Alikwenda, bibi."

"Najua alikwenda, mimi ndiye niliyemtoa. Nakuuliza siku ile. Alikuwa kwenye zizi la farasi. Na nani wengine?"

Nikamtajia kama baba alivyonitajia. Pacha wa kijivu. Yule aliyeumwa na nyoka akapona. Mtoto wa yule tuliyempa mama mdogo akamrudisha. Bibi alikuwa anaitikia kila mmoja kwa kichwa, polepole zaidi na zaidi.

"Hao ni wako wote," alisema. "Hakukosea hata mmoja."

"Ndiyo, bibi."

"Alijuaje? Mimi sikuwakata alama. Mama yako mwenyewe huwachanganya."

"Alisikia ukisema. Siku niliyocheka, na siku nyingine."

Alimweka yule mtoto wa mbuzi chini. Blanketi lilikuwa mabegani, akalivuta mpaka kichwani akageukia miti ya zizi, kama anavyofanya mtu anayepisha mkwe, na hapakuwa na mtu anayepita.

"Nilimwona," alisema ndani ya blanketi. "Yule mwenye sikio jeupe. Nilimwona anatokea wapi, nikasimama. Ningesimama kidogo tu zaidi." Baadaye akauliza, "Kengele zangu ziko wapi?"

Ilibidi nimwambie. Akapapasa mshipi wake pale nyuzi zilipokatwa.

"Akija, mwambie nilimwona yule mbuzi. Mwambie hivyo tu."

Baba alikuja mwisho wa mwezi. Nilikwenda ng'ambo ya kilima nikampa maneno kama nilivyopewa. Alikuwa anavua tandiko. Alilishika mikononi halijafika chini, akasimama nalo, mzigo wote ule, mpaka farasi akageuka kumtazama. Uso wake umekonda kule bwawani.

"Wakati wa homa niligonga ukuta siku kumi na moja," alisema. "Fimbo ilikuwa ileile. Ilikuwa mkononi siku ile, niliwaswagia mbuzi." Akaweka tandiko chini. "Mwambie ningegonga. Angekuja karibu na ukuta, nikasema na farasi. Mwambie ningegonga."

Nilirudi jioni. Bibi alikuwa amekaa ndani, mgongo umeegemea magogo, mkono wake mmoja umelala juu ya ukuta kama mtu anayepima joto. Nikamwambia: baba anasema angegonga.

Kiganja chake kikatulia ukutani.

"Ningesikia," alisema.